Nyumba Kumi na Mbili za Mtakuja
Sehemu ya Saba

Mara ya mwisho niliwaacha nimesimama mbele ya mlango wa mama Nalepo, nyumba namba ishirini na moja, nikiikodolea macho X nyekundu iliyopakwa ukutani. Rangi ilikuwa bado inanuka.

Kama unanisoma leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Regina. Ni msanifu majengo. Kwa miaka kumi na saba nimechora nyumba za watu ambao hakuna aliyewahi kufikiria kuwachorea: wakulima wadogo, wafugaji, wajane, watu waliohamishwa na maji.

Mtakuja ndiyo kazi iliyonipa jina. Mto Mkondoa ulipofurika na kuzifuta kaya za bondeni, shirika moja lilinipa eneo la mwinuko, kando ya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, likaniambia chora. Nikachora nyumba thelathini na mbili za matofali ya udongo na saruji. Kabla ya kuchora nilikaa na akina mama kwenye mahema wiki tatu nikiwauliza wanapikia wapi, ndama wanalala wapi, mgeni anakaribishwa mlango gani. Wakulima na wafugaji niliwapanga milango ikitazamana, ili wazoeane.

Wakazoeana. Picha za Mtakuja zikatundikwa kwenye ofisi za watu wakubwa. Nikawa naalikwa kuhutubia.

Siku moja kabla, Jumatatu, watu wakiwa mnadani, mtu alikuja na kopo la rangi akapiga X kwenye nyumba kumi na mbili. Katika nchi hii hata mtoto wa chekechea anajua maana ya X. Maana yake vunja.

Niliuliza ofisi ya ardhi. Hawakupaka. Niliuliza watu wa barabara, nikauliza watu wa reli. Hawakupaka.

Nikamgeukia mama Nalepo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.”

Siku zote akiniona huuliza habari za safari, za watoto, za mama yangu na goti lake bovu. Jumanne ile alikaa kizingitini, shuka lake limekunjwa mapajani, akaniangalia tu.

“Injinia,” alisema. Nimewaambia mara mia kwamba mimi si injinia, hawasikii. “Wewe ndiye uliyechora. Nieleze basi. Nyumba yangu ina X. Ya Shamimu hapo pembeni haina. Tofali langu na lake si udongo mmoja?”

“Udongo mmoja, mama.”

“Mashine moja?”

“Mashine moja.”

“Basi wanachotaka kuvunja si tofali.”

Nilielewa anachosema. Katika zile nyumba kumi na mbili, kumi ni za wafugaji. Mbili ni za wakulima, lakini hizo mbili hakuna aliyezihesabu.

Mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine. Ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu, hadi thelathini na mbili. Hakuna iliyorukwa. Hakuna iliyozidi.

Nikazihesabu tena.

Maana hizo kumi na mbili nazijua. Nilizijua kabla ya yeyote kulala ndani yake.

Sasa niwaambie jambo ambalo katika sehemu sita zilizopita nimekuwa nikilizunguka. Juu ya kuta za nyumba, kabla ya paa, hupita mkanda wa zege wenye nondo ndani yake. Mafundi wanauita linta. Ndio unaozifunga kuta nne zikawa kitu kimoja. Bila huo mkanda, kila ukuta unasimama peke yake na kuomba Mungu.

Nyumba ishirini za kwanza nilizifunga mkanda. Zilipobaki kumi na mbili, lori la nondo lilikwama ng'ambo, daraja limekatika. Masika ilikuwa mlangoni. Kwenye mahema watoto walikuwa wanaharisha, wawili tulishawazika.

Fundi mkuu, marehemu Samson, alinifuata akiwa na timazi mkononi.

“Tusubiri nondo, injinia?”

“Endelea. Weka mbao, paua.”

“Bila linta?”

“Endelea, Samson.”

Akaendelea. Wiki ya tatu watu wakahamia ndani, wakacheza ngoma mpaka asubuhi. Mimi nikasaini hati kwamba nyumba thelathini na mbili zimekamilika kulingana na ramani.

Waliojua tulikuwa wawili. Samson alifariki mwaka jana. Basi ni nani aliyepita na brashi?

*

Saa sita mchana mwenyekiti wa kitongoji, bwana Ashrafu, aliitisha mkutano kwenye banda la katikati. Ni mkulima, mtu mpole, mswalihina, kofia yake haimtoki kichwani. Siku hiyo alikuwa anaitoa na kuivaa, anaitoa na kuivaa.

Wakulima walikaa upande mmoja, wafugaji upande wa pili. Banda lile nililichora duara kusudi pasiwe na pande.

Parit, mwanawe mama Nalepo, alisimama nyuma na vijana wenzake kama kumi, fimbo zimeegemea mabegani. Namfahamu Parit tangu akiwa kijana wa kidato cha pili. Hajawahi kunipita bila shikamoo. Siku ile alinipita.

“Ndugu zangu,” alianza Ashrafu, “naapa kwa Mwenyezi Mungu, serikali ya kitongoji haihusiki na alama hizi.”

“Anayehusika nani?” aliuliza Parit.

“Hatujui.”

“Nyumba zenu haziguswi, zetu zinapigwa X, halafu hamjui.”

Shamimu akainua mkono. Huyu ndiye jirani wa mama Nalepo, wa nyumba namba ishirini, mkulima wa mpunga. Hao wawili huchota chumvi kwenye kopo moja.

“Mimi nilimwona aliyepaka,” alisema.

Banda zima likageuka.

“Jumatatu sikwenda mnadani, mwanangu alikuwa na homa. Alikuja mama mmoja mtu mzima, amevaa nguo nyeusi, ana kikapu. Aliniomba maji nikampa. Kisha akatoa kopo na brashi akaanza kupaka. Nilidhani ametumwa na serikali. Nani anamuuliza mwenye X?”

“Ulikaa ukamtazama?” Sauti ya Parit ilipanda. “Anapaka mlango wa mama yangu, wewe umekaa unamtazama, tena ukampa na maji?”

“Parit, niliogopa…”

“Mlipanga!”

“Alikuwa analia!” Shamimu naye alipaza sauti. “Kila nyumba, kabla ya kupaka, aligonga ukuta juu ya dirisha kwa kidole, hivi, kama mafundi wanavyofanya. Anagonga, anasikiliza, analia, anapaka. Mtu aliyetumwa kufukuza watu analia?”

Nilijua hapo hapo. Mke wa Samson.

Kabla sijafungua mdomo, ardhi ikatikisika. Ni machimbo ya kokoto, nyuma ya kilima. Yalifunguliwa mwezi wa kumi na mbili, na kila siku wanapiga baruti. Vumbi jembamba lilidondoka kutoka kwenye kenchi, mbao za paa la banda, likatua juu ya kofia ya Ashrafu. Huko nje tulisikia kitu kinapasuka, sauti kavu, kama mtu amevunja kuni gotini.

Nilikimbia na wengine. Ilikuwa nyumba ya mama Nalepo. Ufa uliokuwa juu ya dirisha tangu mwezi uliopita ulikuwa umepanda hadi kwenye bati. Niliweka kidole. Kiliingia.

“Ni ripu tu, plasta ya nje,” nilisema. “Ripu inapasuka, ni kawaida.”

Ndivyo nilivyosema. Naandika hapa bila kujitetea.

Parit alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

“Kesho saa nne wageni wenu wakubwa wanakuja kutazama nyumba. Tumeambiwa. Ikifika saa nne hizo X hazijapata mwenyewe, na upande wa pili watapata alama zao. Sisi hatuna rangi.”

Mama Nalepo hakumkataza. Hilo ndilo lililonitisha kuliko fimbo.

*

Nikawasha gari. Mikumi sikusimama hata kunywa maji, nikashika barabara ya Kidodi. Malori ya miwa yalikuwa mbele yangu msururu, yanadondosha miwa njiani, na mimi nyuma yao nikipiga honi kama mwendawazimu.

Nyumbani kwa Samson nilikuwa nimefika mara moja tu kabla ya hapo, siku ya mazishi. Mkewe, dada Joyce, alikuwa uani anaanua nguo. Alikuwa bado amevaa nyeusi. Kwenye kucha zake kulikuwa na rangi nyekundu.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Nilijua utakuja. Nilidhani utakuja na polisi.”

“Dada Joyce, kwa nini?”

Alikunja nguo moja, akaiweka kwenye beseni, akakunja ya pili.

“Nilikupigia simu mara nne. Ulipokea mara moja, ukasema uko kwenye kikao.”

Nilikumbuka. Nilidhani anataka msaada wa arobaini.

“Mume wangu alikufa akitaja namba,” aliendelea. “Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Watoto walidhani anaweweseka. Akifika thelathini na mbili anaanza tena. Siku ya mwisho akili ikamrudia, akaniambia, ‘Mama, hizo nyumba hazina nondo juu. Sasa wamefungua machimbo kule. Nenda kawaambie watoke.’ Nikamwambia nitakwenda. Akakata roho siku hiyo hiyo.”

“Si ungewaandikia barua? Ungemwambia mwenyekiti?”

“Mimi? Mjane wa fundi, kutoka Kidodi? Niwaambie nyumba alizozichora Regina, ambazo wazungu wanakuja kuzipiga picha, zitawaangukia?” Alicheka kidogo, bila furaha. “Barua nani angeisoma? X kila mtu anaisoma. Mtu akipigiwa X anahama.”

“Hawakuhama. Wanataka kuuana.”

Mikono yake ikasimama.

Nilimsimulia. Nilimweleza kuhusu Parit, fimbo, saa nne. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyokuwa anainama, mpaka akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na beseni lake.

“Mungu wangu. Sikujua nani anakaa wapi. Mimi nilifuata namba tu.”

Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Lilikuwa na madoa ya saruji. Maandishi ya Samson, yale makubwa yaliyolala upande, niliyatambua kabla sijalishika.

“Kila nyumba ameiandika. Tarehe, mchanganyiko, nani alijenga. Na ulichomwambia.” Hakunipa. Alilikumbatia. “Utakwenda kusema mwenyewe au niende mimi?”

“Nikisema, dada, mimi nimekwisha. Cheti changu kitafutwa. Naweza kufungwa.”

“Sikukuuliza hilo.”

Ng'ambo ya ua lori la miwa lilipita, beseni likatetemeka.

“Nitasema,” nilimjibu. “Twende wote.”

*

Giza lilitukuta njiani, tukalala gesti moja pale Mikumi. Kabla hata sijavua viatu simu iliita. Alikuwa Nickson, mkurugenzi wa shirika lililotoa fedha za Mtakuja. Nickson ndiye aliyenishika mkono tangu mwanzo. Pasipo yeye ningekuwa bado nachora fremu za maduka Morogoro mjini.

“Regina, uko wapi? Kuhusu zile X usijali, nimeshazimaliza.”

“Umezimaliza vipi?”

“Nimepeleka vijana na chokaa. Kesho saa nne wageni wakifika watakuta nyumba nyeupe zinang'aa. Wakiridhika, fedha zao za awamu ya tatu ya mradi zimepita. Umesikia? Wewe vaa vizuri, uje uongee kama unavyoongea siku zote.”

“Nickson, zile nyumba zina tatizo.”

“Kila nyumba ina tatizo. Lala.”

Akakata.

Sikulala. Kitanda cha pili dada Joyce naye alikuwa macho, daftari chini ya mto.

*

Tulipofika Mtakuja Jumatano, saa tatu na nusu, nilidhani nimepotea njia. Nyumba kumi na mbili zilikuwa nyeupe kama mayai. Hata ufa wa mama Nalepo ulikuwa umezibwa na kupakwa. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, spika imewekwa juu ya meza yenye maua ya kitambaa. Magari matatu ya wageni yalikuwa yameshaegeshwa.

Lakini wafugaji hawakuwa wamekaa kwenye viti. Walisimama mbele ya milango yao, wanaume kwa wanawake. Vijana wa Parit walikuwa wameongezeka, sasa thelathini na zaidi. Upande wa pili, nyuma ya nyumba ya Ashrafu, niliona vijana wa wakulima na mapanga, wamechuchumaa kana kwamba wanapumzika.

Nickson alinijia akitabasamu, mkono ameunyoosha.

“Nenda moja kwa moja kwenye maiki. Dakika tano. Historia ya mradi, ushirikishwaji wa jamii, basi.”

Nilikwenda kwenye maiki.

Nimehutubia kumbi nyingi. Nilimtazama mama Nalepo, amesimama kizingitini, nikamsemesha yeye peke yake.

“Mama, uliniuliza kwa nini X iko kwako na haiko kwa Shamimu. Nikakujibu habari za udongo, nikakuficha ninachokijua. Nilikudanganya.”

Nickson aliacha kutabasamu.

“Nyumba kuanzia namba ishirini na moja hadi thelathini na mbili hazina mkanda wa nondo juu ya kuta. Lori lilichelewa, mvua ilikuwa inakuja, nikamwamuru fundi aendelee bila nondo. Nikasaini kwamba zimekamilika. Aliyepaka X hakutumwa na mkulima yeyote. Alijua kwamba nyumba hizo zinaweza kuwaangukia. Jana nilisema ni ripu. Si ripu. Nawaomba mtoke. Leo. Kabla hawajapiga baruti.”

Mtu akachomoa waya, spika ikakoroma ikazimika. Hapakuwa na haja tena, nilishamaliza.

Parit akacheka.

“Wamekupa nini?”

“Parit…”

“Tumekataa kuhama kwa X, sasa wanakuleta wewe na hadithi. Kwani ni nyumba za nani hazina nondo? Zetu! Nondo zilichagua kabila?” Aliwageukia wenzake, akasema neno kwa Kimaasai. Fimbo zikashuka mabegani.

Nyuma ya nyumba ya Ashrafu, waliochuchumaa wakasimama.

Hapo dada Joyce akapita katikati. Mwanamke mfupi, nguo nyeusi, daftari limeinuliwa juu ya kichwa kwa mikono miwili.

“Mimi ndiye niliyepaka!” alipiga kelele. “Mimi! Mume wangu ndiye aliyezijenga! Nipigeni mimi!”

“Ndiye yeye,” alisema Shamimu. “Ndiye yule mama.”

Parit alisita, fimbo iko hewani. Mama yake akashuka kizingitini. Alitembea taratibu, akamfikia dada Joyce, akalichukua daftari mikononi mwake, akalifungua, akaligeuza. Mama Nalepo hasomi. Kila mtu anajua.

Angeweza kumpa mwanawe. Angeweza kunipa mimi. Alilipeleka kwa Shamimu.

“Nisomee wewe,” alisema. “Wewe hujawahi kunidanganya hata kipimo cha maharage.”

Shamimu alilipokea. Alitafuta ukurasa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini palikuwa na utulivu kiasi kwamba hata wageni kwenye turubai walisikia.

“‘Nyumba namba ishirini na moja. Tofali zuri. Kenchi nzuri. Nondo juu hakuna. Nimemuuliza injinia mara mbili. Amesema endelea. Mungu anisamehe.’”

Akafungua wa pili. “‘Nyumba namba ishirini na mbili. Nondo juu hakuna.’” Wa tatu. “‘Nondo juu hakuna.’”

Mama Nalepo alimwinulia mkono, yatosha. Akamtazama mwanawe.

“Weka fimbo chini, ukanitolee kitanda.”

Parit hakusogea.

“Nimesema ukanitolee kitanda.”

Akaenda. Wenzake wakamtazama, kisha mmoja akamfuata, kisha wawili. Shamimu alilirudisha daftari kwa mwenyewe, akakaza kanga kiunoni, akaingia ndani kwa mama Nalepo, na mara nikamwona anatoka kinyumenyume ameshika mguu wa kitanda, Parit ameshika mwingine. Waliokuwa na mapanga walisimama pale wasijue wayafanyie nini. Mmoja aliliweka lake juu ya paa la banda la kuku akaenda kusaidia kubeba sufuria.

Nikaona mama Nalepo anahangaika na gunia la mahindi mlangoni, nikakimbia nikalishika upande wa pili.

“Usishike,” alisema.

“Mama, nikusaidie tu…”

“Nimesema usishike.” Hakupaza sauti. “Miaka saba nimelala chini ya ukuta ule na wajukuu. Ukija ulikuwa unakunywa maziwa yangu humo ndani, umeegemea ukuta, unaniuliza, mama, nyumba ikoje? Nakujibu, nzuri. Na wewe unajua.”

Nikaliachia gunia.

Kule kilimani baruti ililia. Ardhi ikatikisika chini ya viatu vyangu. Chokaa nyeupe juu ya dirisha la namba ishirini na moja ikamomonyoka yote, ikaanguka kama ganda, na nyuma yake ufa ukabaki wazi, mweusi. Nyumba haikuanguka. Waliokuwa wamebeba vyombo walisimama, wakautazama ule ufa, kisha wakaanza kukimbia huku wamebeba.

Ashrafu alikuwa tayari anaelekeza familia kwa familia: nyie nendeni kwa fulani, nyie kwangu. Wageni wa turubai walikuwa wanapiga picha, lakini si zile walizozifuata.

Nilijua nitakamatwa. Kusema kweli, wakati ule nilikuwa nalisubiri hilo kama mtu mwenye kiu anavyosubiri maji.

Aliyenishika mkono alikuwa Nickson. Alinivuta nyuma ya gari lake. Nilijiandaa kutukanwa. Nilipomtazama usoni niliona hana hasira. Alikuwa na rangi ya mtu aliyesikia habari ya msiba.

“Umesema kumi na mbili,” alisema.

“Ndiyo, ni kumi na mbili tu. Zile ishirini ni imara, nakuapia.”

“Regina, tulipoanza awamu ya pili, zile nyumba za Kidete, Kilangali na kule Kidodi, wewe ulikuwa masomoni. Ramani nilichukua kwenye faili lako la Mtakuja.”

“Najua. Ile ramani ni nzuri. Ina linta.”

“Kwenye faili kulikuwa na ramani mbili.”

Nilitaka kumwambia ananisingizia.

Lakini ramani ya pili niliichora mwenyewe, alasiri moja, mwezi mmoja baada ya watu kuhamia. Nilikuwa nimeingiwa na hofu ya ukaguzi. Nikachora nyumba ile ile bila mkanda, nikaandika pembeni “toleo jepesi lililoboreshwa”, nikapiga muhuri, nikasaini. Nilijiambia nikiulizwa siku moja, nitakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba ilikuwa ni usanifu, halikuwa kosa. Hakuna aliyeuliza. Nikaisahau humo humo kwenye faili.

“Ulitumia ipi?” nilimuuliza, ingawa nilijua.

“Fundi hupewa ramani yenye tarehe ya karibuni zaidi. Wewe ndiye uliyenifundisha.”

“Zimejengwa ngapi?”

“Mia moja na arobaini. Watu wamo ndani tangu mwaka jana. Na Kidete waliomba waunganishe nyumba mbili, wapate darasa la chekechea. Niliwaruhusu. Ni pale pale karibu na reli. Treni ikipita kuta zinaongea, mwalimu aliniambia hivyo hivyo, kuta zinaongea. Nikadhani ni utani.”

Nilitazama saa. Saa nne na dakika ishirini. Siku ya shule.

“Mpigie mwalimu. Mpigie sasa hivi awatoe watoto!”

“Nampigia tangu ulipoanza kuongea kwenye maiki. Hapatikani.” Alifungua simu. “Jana jioni alinitumia hii picha. Sikuielewa. Nilidhani watoto wanacheza tu.”

Akanipa simu.

Ulikuwa ukuta mweupe, umepigwa picha kutoka nje. Katikati ya ukuta, kwenye ufa, pasipo na dirisha wala tundu nililowahi kulichora, ulikuwa umetokeza mkono wa mtoto mpaka kwenye kiwiko, vidole vimekunjuliwa, unapunga.